Ulipokataa Kula, Kamanthe

Katine,
Tala.
14 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Kamanthe,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Mgongo wako unaendeleaje? Na baridi ya huko Leeds, imeshaanza? Shemeji Masila bado anaendesha yale mabasi ya alfajiri, au walimpa zamu ya mchana kama alivyoomba? Sisi huku tuko salama. Mume wangu Ndunda alishikwa na kikohozi tangu mlipoondoka mwezi wa nane, lakini sasa kimemwachia. Jana alilalamika kwamba mboga haina chumvi, ndipo nikajua amepona.

Kumekauka sana. Shamba limebaki vumbi na mabua, na kila mtu anangoja mvua ya Oktoba. Hata hivyo maji ya kisima hayajatushinda, na ng'ombe anakamuliwa.

Barua hii anakuletea Wavinya, binti ya jirani yetu Mwalimu Nzomo, anayerudi chuoni huko kwenu. Ningeweza kupiga simu, lakini juzi tulipoongea ulilia, nami nikalia, na yote niliyotaka kukuambia yakapotea. Kwa karatasi nitaenda polepole.

Nimekaa nikiyawaza maneno yako. Kwamba mwanao Muli hataki kitu ila mkate mweupe na maziwa. Kwamba kliniki wamempima tena na uzito umeshuka. Kwamba jioni wewe unamshika mikono, Masila anamtia kijiko mdomoni, na mnamaliza wote watatu mkiwa na machozi. Kisha ukaniuliza, "Dada, mbona ni mimi tu? Mwaitu alitulea sisi sote, na hakuna aliyewahi kukataa chakula cha mama yetu."

Kamanthe, yuko aliyekataa. Ni wewe.

Huwezi kukumbuka, maana ulikuwa na miaka miwili tu na kidogo. Mimi nilikuwa darasa la tano. Mwaitu aliugua tumbo ghafla, akapelekwa hospitali ya mbali akapasuliwa, na akalazwa huko muda mrefu. Watoto hawakuruhusiwa wadini. Siku za kwanza ulikuwa ukienda hadi kwenye lango la miti, unashika fito, unaangalia barabara. Jioni tunakubeba kukurudisha. Halafu ukaacha kwenda langoni, na ukaacha kula.

Uji uliumwaga. Ugali uliutema. Baba alikununulia mandazi huko Tala, akakuchongea kijiko chako mwenyewe cha mti, akakuimbia, yeye ambaye hata kanisani hakuwa akifungua mdomo. Wapi! Shangazi Kalondu alikuja kutusaidia, na kwa vile alikuwa na huruma lakini hana subira, alikubana pua ili ufungue mdomo upate hewa, naye apenyeze kijiko. Ulijifunza kupumulia pembeni mwa meno. Nywele zako zikaanza kuwa nyekundu, miguu ikawa kama ya kuku. Muuguzi wa zahanati alikuweka kwenye mzani, akamwangalia baba na kusema, "Mzee, hali hii ikiendelea na huyu tutamlaza."

Siku hiyo baba alituma mtu Ndithini akamwite Susu Kalekye, mama yake mwaitu.

Susu alifika na kikapu cha mbaazi mbichi, zile za maganda ya kijani, na kuku mmoja chini ya kwapa. Unajua wazee wetu na mambo ya ukwe. Baba alisimama mbali, macho chini, akasema, "Mama, huyu mtoto atanifia mikononi."

Susu akakutazama pale ulipokaa mlangoni. Hakukushika. "Nimemwona," akasema. "Sasa mwacheni." Kisha akamgeukia shangazi. "Kalondu, hiyo pua iache. Mtoto si chupa."

Shangazi alikasirika. "Basi tumwache afe na njaa?"

"Hajakataa chakula," Susu akamjibu. "Amezoea kulishwa na mkono mmoja, na mkono huo hauonekani. Kila mtu anamjia na wake, tena kwa nguvu. Wewe ungekula?"

Akaingia jikoni, akaketi kwenye kigoda karibu na moto, akamwaga mbaazi kwenye uteo na kuanza kuzipukusa. Sisi watoto alituamuru jambo moja: mtu asikuangalie mdomoni. Nakumbuka jinsi nilivyokazia macho ukuta mweusi wa moshi hadi yakaniuma. Ukasogea. Ukachukua ganda, ukalipasua, mbegu ukamrushia yule kuku. Susu akakusogezea uteo. Ulipukusa mbaazi na kulisha kuku mpaka ukasinzia, na usiku ule hukula chochote zaidi ya maziwa kidogo.

Ilichukua siku kadhaa. Naomba ulishike hilo, kwa maana sisi huwasimulia watu kana kwamba mambo hayo hutokea kwa mchana mmoja. Baba alikuwa akichungulia mlangoni, anarudi nje, anachungulia tena. Shangazi alinuna. Halafu asubuhi moja uliweka mbegu moja mdomoni badala ya kumpa kuku. Susu akaendelea na kazi yake kama kiziwi.

Jioni hiyo alichemsha mbaazi na chumvi kidogo, akaziponda pamoja na viazi vitamu, akavifinyanga vidonge vidogo vya kutosha kiganja chako. Akaviweka kwenye sahani moja katikati yetu sote chini sakafuni. Wewe hukupewa chako. Ulikuja ukachukua kwenye upande wangu, ukala, ukachukua tena. Nikasikia baba nje akipenga kamasi.

Kuanzia hapo ulirudi pole pole, kidonge leo, viwili kesho, na siku nyingine unarudi nyuma usiguse kitu. Susu hakushangilia ulipokula na hakugomba ulipoacha. Alifunika sahani tu, akasema, "Baadaye."

Basi mdogo wangu, jaribu hivyo. Acheni kumshika mikono. Mwambie Masila kijiko akiweke chini, naye ale cha kwake. Ketini wote watatu, hata kama ni dakika chache kabla hajatoka kwenda kazini, na Muli apate kidogo sana kwenye sahani, kile anachokipenda kiwepo na kile kigeni kando yake. Maziwa usimpe karibu na chakula, kwa sababu tumbo dogo likijaa maziwa halina nafasi ya kitu kingine. Wangu wa mwisho, Mumo, alinifunza hilo nikiwa nimechoka kama wewe.

Ndengu huko zipo kwenye maduka ya Wahindi, uliniambia mwenyewe. Zichemshe ziwe laini, uziponde na malenge au kiazi kitamu, ufinyange vidonge. Anapenda mkate? Sawa, anzia kwenye mkate. Chovya kwenye yai, ukaange. Akizoea, weka karoti iliyokunwa ndani ya yai, kidogo tu, asione kwamba umemtega. Chapati nazo zinapokea malenge yaliyopondwa ndani ya unga, na zinatoka na rangi nzuri mno. Mumo alikuwa akiziita chapati za jua. Nimekufungia unga wa wimbi kwa ajili ya uji. Upike mwepesi mwanzoni, uuongezee ndizi mbivu au parachichi badala ya sukari. Siagi ya karanga inafaa pia ukiichanganya kwenye uji huo, lakini njugu nzima usimpe bado, zinakaba watoto. Muthokoi wetu wa mahindi yaliyokobolewa usijaribu sasa, ni mgumu kwa meno yake, ingawa najua wewe mwenyewe unautamani hadi unauota.

Na mpe kazi. Achambue ndengu, atie maji kwenye sufuria, aoshe nyanya hata kama atalowesha jikoni nzima. Nakumbuka mlipokuwa hapa. Wewe ulikuwa umelala kwa uchovu wa safari, mimi nikachoma mahindi nje. Sikumwita. Alikuja mwenyewe, akachuchumaa kando yangu, akang'oa punje moja kwenye gunzi langu na kuitafuna, akiangalia mbuzi. Akang'oa nyingine. Nilitamani kukuita uone, lakini niliogopa nikifungua mdomo ataacha. Kwa hiyo mtoto anaweza, Kamanthe. Hajavunjika.

Kliniki usiache kwenda. Wakisema wampime damu, wampime. Kama kuna kitu tumboni au kooni kinachomsumbua, wao ndio watakaokijua, mimi huku sioni.

Nimebakisha jambo moja, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Mwaitu alirudi wakati mbaazi zilikuwa zinakauka shambani. Alishuka kwenye gari akiwa ameshikiliwa na baba, amekonda, kitenge kimemzunguka mara mbili. Tulikimbia sote isipokuwa wewe. Ulijificha nyuma ya sketi ya Susu. Mwaitu alikunyooshea mikono ukakataa, akaingia chumbani akageukia ukuta. Nilimsikia akimwambia Susu, "Amenisahau."

"Hajakusahau," Susu akasema. "Amekukasirikia. Ni tofauti."

Sasa ikawa mwaitu ndiye asiyekula. Supu inarudi, uji unarudi. Baba alimsihi, shangazi akamsihi, na Susu, yule yule aliyetukataza kukulazimisha, nilimkuta nyuma ya jikoni amefunika uso kwa kanga. Yule alikuwa mtoto wake.

Siku ya tatu au ya nne tulikuwa tunakula sakafuni kama kawaida. Ukainuka na kidonge chako mkononi. Ukaenda mpaka kitandani, ukasimama hapo unamtazama mwaitu, naye anakutazama. Ukapanda kwa magoti, ukamwekea kile kidonge mdomoni kwa mkono wako, ukakisukuma kwa kidole. "Kula, mwaitu," ukamwambia.

Akala. Machozi yanamtoka, lakini akatafuna na akameza. Ukashuka ukaleta kingine.

Mwaitu hakupenda kuuzungumzia mwaka ule, ndiyo maana hukuwahi kusikia. Ila mwezi ule wa mwisho wa maisha yake, nilipokuwa nikimlisha hapa kwangu, aliniambia kwamba alikuwa amekata tamaa kabisa kwenye kile kitanda, na kwamba aliyemrudisha ni wewe. Nikamuuliza mbona hakukuambia. Akasema, "Siku atakayokuwa na mtoto anayemsumbua, mwambie."

Nimekuambia.

Msalimie sana Masila, na umtekenye Muli shingoni kwa niaba yangu, pale anapocheka. Ndunda anawasalimu, na Mumo pia, ambaye sasa ananipita kwa urefu. Shangazi Kalondu macho yamepungua, lakini kila Jumapili baada ya misa anauliza habari zako, na amesema nikuandikie kwamba anakuombea. Mungu akae nanyi mnapoketi kula, awape subira nyumbani mwenu, na amkuze mtoto huyo awe na nguvu.

Dada yako akupendaye kila siku,

Kavindu