Mama Mkasi, Mkorofi Wako Ameingia Bakulini

Mwaka umetimia leo tangu utuache, Mama Mkasi, na mkasi wako uko palepale juu ya dirisha la jikoni, unapakwa mafuta kila Jumamosi kama ulivyotaka. Hakuna anayeruhusiwa kukatia karatasi. Mjukuu wako alijaribu mara moja, akaonywa na babu yake kwa sauti iliyowafikia majirani.

Ulikuwa mtu wa kucheka kabla hata ya kunawa uso. Ulikuwa huwezi kupita mbele ya ua la mtu bila kuchuma jani lililokauka, hata kama mwenye nyumba amesimama mlangoni anakutazama. "Samahani, lilikuwa linanisumbua," ulisema, ukaendelea na safari yako. Miaka ishirini na miwili ulitunza bustani ya ile ofisi ndoo mkononi, kwa sababu mpira wa maji walioahidi haukuja hata siku moja. Wakubwa watano walipita pale, na kila mmoja alikuta nyasi zimekatwa akadhani zinajikata zenyewe.

Mumeo, fundi wa kusuka mota, hakuielewa kabisa ile kalenda yako. Ofisi waliitupa mwaka ulipoisha, wewe ukaiokota pipani, ukaja nayo nyumbani umeikunja vizuri kama cheti. Ilikuwa na picha ya mti mzima, shina nene limepinda, matawi yametandaa, na wote umetosha kwenye sahani. Bonsai. Ulilitaja jina hilo jioni nzima, unalitafuna kama pipi.

"Sasa mti wa hivyo unampa nani kivuli?" mumeo akauliza.

"Fundi, vingine ni vya kutazama tu. Kwani mimi ulinioa nikupe kivuli?"

Mti wako wa kwanza ulikufa. Wa pili uliishi miezi minane. Wa tatu ulimpa dada yako, akausahau juani aliposafiri, na mpaka leo mtu akigusia habari hiyo dada yako anakumbuka ana chungu motoni. Wala hukununa. Ulikuwa umeshamchagua wa nne: kile kichaka cha miiba na maua ya zambarau pale getini kazini. Ulikiita Mkorofi kwa kuwa hakuna siku ulikipunguza kisikutoe damu. Shina lake lilikuwa nene kama kifundo cha mguu, na mizizi imekamata ardhi kama vidole vya mtu aliyekataa kuhama.

Ndipo ikasemwa geti litapanuliwa na Mkorofi atang'olewa. Ukaomba umchukue nyumbani. Mkuu wa utawala akakwambia uandike barua. Kitu wanachokwenda kukitupa, mtu anakiomba, anaambiwa aandike barua. Ukaandika, kwa mwandiko wako wa kulala upande mmoja, ukaipeleka mwenyewe. Haikujibiwa.

Na ulipoomba siku tatu upumzike kwa sababu ya kifua, uliambiwa usubiri kwanza wageni wapite. Ukasubiri. Ukafyeka, ukamwagilia, ukapaka chokaa mawe ya njiani. Wageni wakaja, wakaingia ukumbini moja kwa moja, wala hakuna aliyegeuza shingo kutazama bustani. Wiki iliyofuata ulilazwa, na nyumbani hukurudi. Salamu zao za rambirambi zilisema ulikuwa mchapakazi asiyelalamika. Ulilalamika. Wao hawakusikiliza. Mumeo ameomba sentensi hizo mbili zisikatwe hata kama gazeti halina nafasi.

Siku saba baada ya mazishi, mlinzi wa getini, yule aliyezoea kukuita dada, alipiga simu. "Shemeji, mashine ya kuchimba inakuja kesho." Mumeo akafunga karakana asubuhi ileile, akaenda na jembe, msumeno na gunia lililoloweshwa maji.

"Una barua, shemeji?" mlinzi akamuuliza, maana ndivyo alivyoagizwa kuuliza.

"Nina jembe."

Mlinzi akatafakari. Kisha akainua mkono atazame saa, na mkono wenyewe haukuwa na saa, akautazama hivyohivyo mpaka Mkorofi akawa nje ya ardhi.

Mumeo alifanya kama alivyowahi kukuona ukifanya. Alichimba duara pana, akakata mizizi minene kwa msumeno, akailinda ile myembamba kama nywele. Kisha akakata juu, matawi yote, mpaka usawa wa goti. Zamani alikuwa anakutania, "Wewe unaua mti halafu unasema unautengeneza." Na wewe ulimjibu bila kuinua kichwa, "Simuui. Namfundisha kuwa mdogo bila kuwa mtoto." Ulisema pia kwamba kichaka kilichokatwa hivyo, mwaka wa kwanza ndio kesi yake: kikiumaliza, kitatuzika sote.

Basi mumeo akajiwekea ahadi. Siku ya mwaka wako, Mkorofi awe hai, na awe ndani ya lile bakuli pana la kauri lenye ufa, ulilolitoa kwenye takataka za jiko la ofisi na kulifungia kabatini ukimsubiri yeye.

Kwanza alimpanda kwenye karai kuukuu alilolitoboa chini, mchanga, kokoto na mboji, akamweka kivulini nyuma ya karakana. Wiki nne zikapita, kijiti kikavu. Wateja wakiuliza ni kitu gani, mumeo anasema ni mgonjwa wake. Wiki ya tano, pembeni ya shina, kikatokea kidoa chekundu kama punje ya mchele. Mumeo alimwita binti yako mshonaji aje mbio. Binti akaacha cherehani akidhani baba yake kaunguzwa na umeme, akafika, akaonyeshwa kidoa. Walikaa wote wawili chini pale wanakitazama.

Machipukizi yakawa matawi, marefu kama mkono mpaka kwenye kiwiko. Sasa yakahitaji kupindishwa, na waya wa shaba ndio kazi yake. Miaka yote ulikuwa unamwibia mumeo waya huo karakana, naye anajifanya haoni. Akaona hapa ndipo pake. Nani katika familia hii anajua waya kuliko yeye? Ila mumeo husuka mota, na kwenye mota waya unakazwa, mzunguko unagusa mzunguko, hewa isipite. Akayasuka matawi ya Mkorofi hivyohivyo, akasimama pembeni akijisifu.

"Baba," binti yako akasema, "huo ni mti au pampu ya kisima?"

"Wewe shona."

"Nashona. Ukimaliza nikutafutie na swichi, tumwashe."

Baada ya wiki sita majani ya tawi kubwa yakaanza kuwa ya njano. Mumeo akaongeza maji, yakazidi. Akapunguza maji, yakadondoka. Alikwenda kabatini kwako kutafuta kama uliacha dawa yoyote, na hakukuwa na dawa. Kulikuwa na lile kopo la maziwa ya unga. Alidhani lina misumari. Ndani akakuta vipande vya waya wake ulivyovivua kwenye miti yako ya zamani, hukuvinyoosha wala kuvitupa, kila kimoja bado kimejipinda kwa umbo la tawi lililokuwa ndani yake. Akachukua kimoja akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kati ya mzunguko na mzunguko pangepita kidole. Akapitisha kidole chake. Kikapita.

Alikaa kitandani na kopo lile mapajani. Miezi yote hiyo amewalaumu waliokubana usipumue, na yeye amekwenda kumbana Mkorofi kwa waya. Siku hiyo alijilaumu mwenyewe, kama nusu saa hivi. Kisha akarudi kuwalaumu wao, maana kujilaumu hakumzuii mtu kuwa na haki.

Hakuufungua ule waya, aliogopa kuchubua ganda zaidi. Aliukata kwa koleo, kipande kwa kipande, siku mbili. Tawi kubwa halikupona, likakatwa. La pili limebaki na kovu lililozunguka kama alama ya pete. Mumeo halifichi. Matawi yaliyobaki aliyafunga upya, kopo lako likiwa wazi pembeni yake, anatazama waya wako, anapinda wake, anatazama wako tena. Safari hii binti yako hakutania. Alishika taa.

Mwezi uliopita mumeo alitoboa lile bakuli kwa keekee, taratibu, huku mjukuu wako anadondoshea maji kauri isipasuke zaidi. Matundu matatu. Ufa wake umebaki palepale, haujaongezeka hata unywele. Mkorofi akapunguzwa mizizi kwa mara nyingine, akafungwa kwa waya kupitia matundu ili upepo usimtingishe, akawa ndani. Urefu wake ni wa mkasi wako na kiganja kimoja. Tumempima.

Na Jumanne iliyopita, mama, ametoa maua. Manane. Zambarau ileile.

Sasa sikia hili, ungecheka. Mlinzi wako alikuja kumwona, akampiga picha, akaionyesha kazini. Haikupita siku mbili, dereva wa mkubwa akasimamisha gari mbele ya karakana.

"Mzee, shikamoo. Mkubwa ameupenda ule mti. Anasema asili yake ni mali ya ofisi, lakini hana neno, anataka tu uje ukae pale mapokezi, watu wauone."

Mumeo alikuwa na mota mkononi. Akaiweka chini, akajifuta mikono, akamkaribisha kijana wa watu kwenye kiti. Hakufoka, jambo lililomtisha binti yako zaidi.

"Mwambie sijakataa," akasema. "Aandike barua."

Dereva akacheka. "Mzee, unajua barua pale huchukua muda gani?"

"Najua. Ya mke wangu bado iko kwenu."

Dereva aliacha kucheka. Akaomba amwone tu huo mti kabla hajaondoka, akaonyeshwa. Akasimama mbele yake kofia mkononi, akanyoosha kidole amguse, na Mkorofi akamtoa damu.

Leo yuko juu ya meza ya jikoni, karibu na dirisha lenye mkasi wako. Mwaka wake wa kesi umekwisha, ameshinda. Hatoki hapo.

Unakumbukwa na mumeo, Fundi, ambaye sasa hupita mbele ya maua ya watu akichuma majani makavu na kuomba samahani. Na binti yako mshonaji na mumewe. Na mwanao wa kiume aliye safarini, anayeuliza hali ya Mkorofi kabla ya kuuliza hali zetu. Na wajukuu zako watatu. Na dada yako, ambaye haruhusiwi kumwagilia. Na shemeji yetu wa getini.

Pumzika, Mama Mkasi. Siku zile tatu ulizonyimwa, tunakuombea zisiwe na mwisho. Nasi kila tawi tutakalolipunguza, tutalipunguza tukikuwaza wewe, maisha yetu yote.