Hotelini, Mkabala na Kwetu

Jumanne, 14 Agosti

Nimefika Mompox, mji wetu wa kando ya mto, saa tisa alasiri. Mwendo wa saa saba kwa basi kutoka Barranquilla, mgongo si wangu tena. Nimepanga chumba hotelini – jumba la zamani la Wahispania, kuta nene, feni inayolalamika. Dirisha langu linatazama mlango wa kwetu. Humo anaishi dada yangu Edilma, peke yake. Hatujasemezana miaka tisa, tangu matanga ya mama. Jirani aliniandikia kwamba macho yake yanafifia. Nimekuja tupatane. Leo sina nguvu. Kesho.

Jumatano, 15 Agosti

Sijavuka. Nimekunywa kahawa mara nne.

Don Aquilino, mwenye hoteli, amenitambua. Wewe si binti wa marehemu Betsabé wa hapo mbele? Na unalala hotelini, mama? Hapa tunalaza wageni! Nikamwambia nimechoka. Akasema huo uchovu gani, usioweza kuvuka barabara.

Kufika mchana mji mzima unajua. Muuza jibini amenipa pole, utadhani nimefiwa upya. Kosa langu. Nilidhani nampunguzia dada usumbufu, kumbe nimeutangazia mji kwamba amenifungia mlango.

Alhamisi, 16 Agosti

Joto. Saa kumi na moja jioni watu wametoa viti vya kubembea milangoni, kama kawaida. Edilma ametoa kimoja. Chake. Kisha akamwambia jirani kwa sauti, ili nisikie: "Sala za matanga ni siku tisa. Wengine walisali tatu wakakimbilia kazini. Sita nilisali peke yangu. Waache walale hotelini, si wamezoea kuondoka mapema?"

Ni kweli. Hospitali iliniita, na muuguzi mwenzangu alikuwa tayari kunishikia zamu. Nilikataa anishikie. Kilio kilikuwa kimenichosha, nikafurahi kuitwa. Sijawahi kuliandika hili popote. Naona haya.

Ijumaa, 17 Agosti

Nimefungasha. Basi ni kesho asubuhi. Hata machozi sina.

Saa kumi na moja. Edilma ametoa kiti chake. Amerudi ndani, ametoka akipapasa ukuta, anaburuta cha pili – cha mama! Nimemngoja jirani aje akikalie. Hakuja.

Upepo umeanza kutoka mtoni. Mama alikuwa mkali sana kwa hili: kiti kitupu kikibembea kinaita kifo nyumbani, kishikeni! Tulikuwa tukikimbizana mimi na Edilma, nani atakiwahi.

Sasa kimeanza kuyumba. Edilma hakutazama juu. Amenyoosha mguu, amekikanyaga, kimetulia.

Robo saa. Mguu bado uko pale pale. Ana miaka sabini na moja, lazima unamuuma. Aquilino ananiita kutoka chini: mama, dada yako hawezi kukishikilia kiti hicho mpaka kesho. Nimevaa kiatu kimoja, cha pili nakitafuta –