Chatu Uliyemtuma Badala Yako

Colle Serrato,
Abruzzo.
6 Mei 2019

Mpendwa mdogo wangu Panfilo,

Nakusalimu kutoka jikoni kwetu, kwenye meza ileile unayoijua. Natumaini wewe, wifi yangu Denise na watoto hamjambo, na kwamba baridi ya Toronto imewaachia. Vipi mgongo wako? Krismasi ulipopiga simu ulikuwa ukiulalamikia. Mimi sijambo, ila kidole kimoja nimekifunga kitambaa, na sababu utaisoma mbele. Baba anakula na analala. Theluji imekwisha, vitunguu saumu nimeshavipalilia.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kwa mizaha yako, nami ningecheka, kisha ningejichukia.

Unakumbuka ulichomwahidi Baba. Miguu yake haipandi tena mlima, na kwetu, sanamu ya Mtakatifu Dominiko inapopambwa nyoka hai na kupitishwa mitaani, mtu haingii kwenye maandamano na nyoka wa kuazima. Awe amemkamata mwenyewe, au amekamatiwa na mtoto wake. Ukasema utakuja Machi, nyoka wakiamka, umkamatie mmoja. Baba akamwambia kila mtu, hata mwokaji mikate. Akautoa mtungi wa udongo stoo, akausugua, akaujaza pumba, akakaa kukungoja.

Nilimwambia nitapanda mimi, maana mimi pia ni mtoto wake na miguu ninayo. Akanijibu, "Panfilo ameshasema atakuja. Ukienda wewe, ataona tumemkatia tamaa." Nilimenya viazi.

Hukuja. Alikuja rafiki yako wa Roma na boksi la plastiki, ndani yake chatu mdogo wa Afrika, wa dukani, na kikaratasi chako: "Baba, sasa una nyoka bila kupanda mlima." Nadhani ulipoandika hivyo ulicheka. Baba alikisoma mara mbili, akakikunja, akakitia mfukoni. Nikamwambia bado siku zipo, niende mlimani. Akasema mwanawe ameshatuma wake, na hapo mazungumzo yakaisha.

Basi akamlea kama alivyowalea nyoka wetu miaka yote. Akamtia kwenye mtungi wa pumba, chini kwenye stoo ya baridi, na kila asubuhi akamtoa kumzoeza mikono. Nyoka wetu wakitoka usingizini huvumilia hayo mpaka sherehe ipite, hata wasipokula kitu. Huyu alijikunja akawa donge, akaficha kichwa katikati, na panya tuliyempa hakumtazama. Wiki tatu. Ngozi ikaanza kumlegea mgongoni.

Nikampigia Ivana, yule binti msomi wa wanyama anayekuja kila mwaka kuwapima nyoka kabla ya sherehe. Alinigombeza kama mtoto. Akaniagiza nimrudishe kwenye boksi na kumweka jikoni, upande mmoja uwe na joto na mwingine uwe wa ubaridi, nimfunikie chungu kilichovunjika mdomo apate pa kujificha, nimwekee bakuli la maji, halafu nisimguse wiki nzima. Mtu asimguse hata kidogo.

Nyoka hakunipa taabu. Aliyenipa taabu ni Baba. Nikigeuka tu, nakuta mkono wake umo kwenye boksi.

"Nyoka asiyeshikwa anasahau watu," akasema.

"Huyu hajatujua bado, Baba. Atasahau nini?"

Akautoa mkono, akakaa mkabala na boksi na kofia yake magotini, akawa anamwangalia kama mtu aliyekuja kumjulia hali mgonjwa. Alikaa hivyo siku saba. Siku hizo sikuwa na hasira naye, nilikuwa na hasira na wewe.

Wiki ilipokwisha nikaanza kumlisha. Panya wa kugandishwa, Panfilo, ninao kwenye friji karibu na mbaazi, na majirani hawataki tena kula kwangu. Unamyeyusha kwenye maji ya uvuguvugu, unamkausha, unamshika mkia kwa koleo refu, unamsogeza taratibu mbele ya kile chungu jua linapozama. Mara ya kwanza aligeuza shingo. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu sikunawa vizuri baada ya kumshika panya, akakidhani kidole changu ni chakula, akaking'ata. Mara ya nne alimkamata panya, akamviringa, akammeza. Baba alivua kofia. Mimi nililia, na sijui nilikuwa namlilia nani.

Baada ya kula, siku mbili humgusi. Kisha nikaanza kumtoa dakika tano, kesho yake kumi. Humshiki kwa juu, maana adui zake huja kwa juu. Unapitisha mkono ubavuni na chini ya tumbo, unamwacha aende mwenyewe. Alipotulia nikampa Baba. Mikono ya Baba siku hizi inatetemeka sana, na nyoka wetu wa mlimani wasingeivumilia. Huyu alipanda mpaka kwenye kiwiko akalala hapo. Baba akasema kwa sauti ndogo kwamba ni nyoka mwenye adabu. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, nami nakuambia mkono wa mbali haumlishi pia. Mwenye kumlisha ni mimi.

Kamati ilimkataa. Binamu yetu Berardo, ambaye sasa ndiye anayetunza daftari la wakamata nyoka, alikuja mwenyewe kwa heshima akaeleza kwamba nyoka wa dukani hawezi kumpamba Mtakatifu, na mtu ambaye hakumkamata nyoka mwenyewe wala kukamatiwa na mtoto wake hawezi kuandamana. Baba alimkaribisha divai, akamwambia ameelewa. Nikadhani yamekwisha.

Tarehe mosi Mei, maandamano yalipofika mbele ya nyumba yetu, Baba alitoka na koti lake la harusi na chatu shingoni. Mimi nilikuwa nyuma yake nimeshika boksi tupu. Wabebaji wa Mtakatifu wakasimama. Berardo akamsogelea.

"Mjomba, huyo umempata wapi?"

"Mwanangu Panfilo amenikamatia."

Kila mtu pale aliwahi kuliona boksi la duka. Wengine walikuwa wamekisoma kikaratasi chako, maana Baba mwenyewe aliwaonyesha, akijaribu kucheka. Berardo akawaashiria wabebaji wampishe, akasema, "Basi ingia mstarini, mjomba." Baba akatembea mpaka uwanjani, hatua kama sitini. Hakuna aliyecheka. Bora wangecheka.

Siku iliyofuata wengine walipanda mlimani kuwarudisha nyoka wao, kila mmoja penye shimo alipotolewa. Wetu hana pa kurudishwa. Baba alivaa koti lile tena, akaniomba nimshike mkono mpaka kwa Berardo. Huko akaomba daftari. Unaijua sheria yao, aliyekufundisha ni yeye: anayesema uongo juu ya nyoka si mkamata nyoka. Berardo alikataa kumfuta, akamsihi, akasema hakuna aliyesikia kitu. Baba akaichukua kalamu, akalikata jina lake mwenyewe. Mkono ulimtetemeka hata mstari ukakwaruza na jina la babu.

Miaka sitini na mmoja kwenye daftari lile, Panfilo. Hakuwahi kusema uongo juu ya nyoka hata mmoja, na ule mmoja aliousema ulikuwa wa kukusitiri wewe.

Njiani kurudi nilimuuliza kwa nini hakuniacha mimi nipande. Akasema, "Wewe upo, Ersilia. Wewe huhitaji kutetewa." Sijalala vizuri tangu hapo.

Ukipiga simu Jumapili, usimuulize habari za sherehe. Muulize chatu amekula lini.

Nisalimie wifi Denise, nibusie Mattia na Emily. Shangazi Concezia anakusalimu, na Berardo pia, ingawa alifikiri kwanza. Mungu akulinde huko uliko, na siku ukizeeka awape watoto wako miguu ya kuja kwako.

Dada yako, ninayekupenda hata leo,

Ersilia