Chungu Kilichopakwa Rangi

Mjukuu wangu Nekesa,

Mama yako ameniambia asubuhi hii kwamba nyanya zako zinaoza huko Rubongi, na unauliza kwa nini chungu chako hakipozi tena tangu ukipake rangi. Hapa Lumino hatujambo. Goti la babu yako limetulia.

Hata mimi niliwahi kupaka chungu rangi. Nilikuwa nimeolewa mwezi mmoja tu, na baba yangu alikuwa anakuja kunitembelea mara ya kwanza. Mama mkwe aliweka mboga katika chungu kilichokaa ndani ya kingine, katikati mchanga wenye maji. Nikapaka cha nje rangi ya mafuta iliyobaki ya mlango, kipendeze. Siku ya tatu nyanya zote zilikuwa zimeoza.

"Umekivalisha koti la mvua," mama mkwe alisema. "Kitatoa jasho wapi?"

Maji hupenya udongo na kukaukia nje. Ndipo ndani hupoa.

Baba alikula mukene, dagaa wakavu, akaulizia nyanya. Mama mkwe akajibu, "Mwaka huu hazikutuzalia." Hakunitazama.

Jumamosi mama yako atakuletea chungu kipya. Kiweke penye upepo. Brashi ya rangi mpe arudi nayo.

Bibi yako