Kompyuta Imenichongea

Jumatatu, 6 Oktoba 2003

Nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi. Nilikuwa nachapa kadi za harambee za kwaya ya Syokau, niko katikati kabisa — paap! Dirisha la kijivu limeruka juu ya kazi yangu. Kizungu kitupu. Nikalifunga. Likaruka lingine. Nikafunga. Lingine! Nzi wa bucha ya hapa kando wako na adabu kuliko hiyo kitu.

Na hii ni kompyuta mpya, si ya mtumba. Siku nilinunua, muuzaji aliniuliza mashine iitwe nani. Wengine huandika OFISI, akasema. Nikamwambia aandike NGUI, herufi kubwa. Mumbuni nzima ni nani mwingine ako na kompyuta yenye jina lake?

Mimi nilizima moto wa kiwanda Athi River na kofia yangu. Moto ulikuwa umeshika mabati! Mzungu alilia, akanishika mkono, akasema Kenya haina mwanamume mwingine. Sasa nishindwe na dirisha? Nimezima, nikawasha. Nimepangusa kioo na spiriti. Nimegonga mashine ubavuni polepole, halafu si polepole. Ikanyamaza. Nikaunganisha tena waya wa simu nitume imeili ya mwalimu mmoja. Paap! Tena!

Jumanne, 7 Oktoba 2003

Leo hakuna mtu wa imeili. Hakuna dirisha hata moja. Nimeshinda.

Jioni nilimwambia Kamanthe nimeitengeneza na hii mikono. Alikuwa anashona, hakuinua kichwa. “Na kofia ulitumia, Baba Mueni?” Wateja wake wakacheka. Huyo mama! Hakuna mshonaji kama yeye kutoka hapa mpaka Mombasa, lakini mdomo — wembe.

Jumamosi naenda Muthetheni kwa kaka zake na mbuzi wa ntheo, wale wa kuposa. Nimechagua wale wanono, nataka wakiwaona waseme huyu si mtu wa kuja na kuku. Kamanthe ni mjane, mimi ni mjane, hakuna wa kuuliza. Mke wangu Ndila ana miaka miwili tangu atuache. Nyumba imekaa kimya ya kutosha.

Jumatano, 8 Oktoba 2003

Hii siku ifutwe! Ifutwe kabisa!

Syokau alikuja kuchukua kadi zake, halafu akataka kumwandikia binti yake imeili. Nikaunganisha simu, nikampa kiti, nikaenda kwa fotokopi. Watu walikuwa wamejaa, wanangoja kitambulisho hiki na cheti kile. Nasikia paap. Kabla sijageuka, yeye ameweka miwani na anasoma kwa sauti, vile husoma somo la kwanza kanisani. Ujumbe kutoka SECURITY. Kwenda kwa NGUI. You are infected.

Akatoa miwani polepole.

Hilo neno liko kwa kila bango la hospitali. Mtu hata kama hajui kuagiza chai kwa Kizungu, hilo analijua, na hapa Machakos lina maana moja tu.

“Asi! Anko,” akasema, “hata serikali imejua?”

Nikamwambia ni mambo ya kompyuta. Akauliza, mambo ya kompyuta na jina ni lako? Nikamwambia kompyuta inaitwa Ngui. Akaniangalia na huruma. Na huruma! Heri angenitukana. Jamaa mmoja akachukua kitambulisho chake kabla sijakitoa fotokopi. Nikamuuliza, unaogopa karatasi? Akasema amekumbuka kitu nyumbani. Wote wamekumbuka kitu nyumbani!

Alhamisi, 9 Oktoba 2003

Hakuna mteja. Hata wa kuuliza bei.

Hotelini wameniletea chai kwa kikombe cha plastiki. Nikauliza glasi ziko wapi. Msichana anasema zimevunjika. Zote? Zote, Anko. Na meza nzima inakunywa na glasi! Nimemwaga hiyo chai mlangoni, kila mtu aone.

Sasa nasikia wanaunga na Ndila. Eti ndiyo sababu alikonda vile. Wajinga! Ndila alikufa na kifua. Alikonda kwa sababu hakuwa anakula, na hakuwa anakula kwa sababu ya kifua. Kifua ni ugonjwa tangu zamani. Hata babu yangu alikuwa nacho, na aliua simba na rungu akiwa anakohoa.

Nimeng'oa waya wa simu. Iwe kompyuta ya kuchapa tu.

Lakini watasema nimeficha. Nimepigia fundi.

Ijumaa, 10 Oktoba 2003

Fundi anaitwa Rodgers, wa Athi River. Mtu mzima, tumbo mbele, mkoba wa ngozi. Badala ya kusoma mabango, amesimama kwa bucha na sauti yake ya mnada: “Ni wapi kwa Ngui, yule ako na virusi?”

Bucha yote ikanyosha vidole! Nilitoka nikamvuta ndani na kola. Anashangaa: “Mzee, si wewe ulisema virusi kwa simu?”

Nilisema. Lakini si hizo!

Ameketi, amecheka mpaka kiti kikalia. Anasema hiyo si barua yangu hata kidogo. Kuna mfanyabiashara mahali, hata hajui Machakos iko wapi, anarusha matangazo kwa kila kompyuta iliyo kwa laini ya simu. Anatisha watu wanunue dawa yake ya kompyuta. Jina linajiandika lenyewe. Kwa hivyo kama ningeandika OFISI, ingesema OFISI imeambukizwa, na hakuna mtu angeinyima ofisi glasi! Ningempata huyo mfanyabiashara, ningemfunga pamoja na hao mbuzi.

Akaingia ndani kabisa ya mashine, mahali sijawahi kufika — ingawa nilikuwa karibu. Kuna kitu huko kinaitwa Messenger. Hicho ndicho hupokea hayo maneno na kuyarusha juu ya kioo. Akakizima. Tukaunganisha simu, tukakaa tukiangalia kama watu wanaotega panya. Kimya. Tumekunywa chupa nzima ya chai. Kimya!

Nikaita watu waone kwa macho yao. Wenye bucha, wa hotelini, Syokau na nusu ya kwaya. Nikaeleza vizuri vile nimegundua — Rodgers alikuwa ananisaidia tu. Wakatikisa vichwa. Halafu Syokau:

“Ni sawa, Anko, imenyamaza. Hata redio yangu nikiizima hainiambii nani amekufa.”

Wakacheka! Kwa ofisi yangu! Rodgers pia!

Jumamosi, 11 Oktoba 2003

Sikuenda Muthetheni. Asubuhi kaka za Kamanthe wametuma neno, mbuzi wangoje. Wangoje nini? Hawakusema.

Mchana Kamanthe mwenyewe amekuja hapa ofisini, akafunga mlango. Nikaanza kumwonyesha kioo, vile kimetulia. Akasema anaamini. Ameelezwa na Rodgers, anajua ni matangazo. Nikasema basi! Waambie kaka zako!

“Kaka zangu niachie mimi,” akasema. “Ngui, kompyuta haina kitu. Na wewe?”

Hajawahi kuniita Ngui. Ni Baba Mueni siku zote.

Nikamwambia Ndila alikufa na kifua. Akasema hajauliza Ndila, ameuliza mimi. Nikamwambia niko na nguvu, naweza kubeba gunia la simiti huku na lingine huku, na ule moto wa Athi River je? Akaniacha nimalize moto wote, mpaka mahali pa Mzungu. Hakucheka. Ndipo akasema hata mume wake alikufa na kifua.

Nilikuwa sijui. Nilidhani ni ajali. Sijui nani aliniambia ajali. Labda nilijiambia.

“Mimi pia sijui yangu,” akasema. “Nimepita mlango wa VCT, pale wanapima damu, mara nyingi nikielekea sokoni. Peke yangu siwezi. Jumatatu twende wawili. Halafu ndiyo tuongee mbuzi.”

Nikamfokea. Nilisema mambo mengi, mengine ya kijinga. Nilisema atakayeniona nimeingia mlango huo atasema kompyuta ilikuwa kweli. Akaokota mkoba wake.

“Wameshasema, Baba Mueni.”

Jumapili, 12 Oktoba 2003

Sikuenda kanisa. Mbuzi wanapiga kelele tu huko nje, wamekula kamba.

Ningempata yule mfanyabiashara! Kama dirisha lake halingeruka, saa hii ningekuwa Muthetheni, nimeshakula, kaka za Kamanthe wananiita mwamu. Tungekaa vizuri tu mimi na Kamanthe. Bila kujua. Watu wengi wanakaa bila kujua na wanazeeka.

Ndila hakuzeeka.

Mjinga yule! Yeye na dawa yake!

Jumatatu, 13 Oktoba 2003

Nimefungua ofisi mapema, nimeunganisha simu. Nimeketi mbele ya kioo. Nilikuwa nangoja dirisha liruke, hata moja tu, nilitukane, nimpigie Rodgers nimwambie kazi yake ni bure, arudi leo, nina shughuli, siwezi kutoka. Halijaruka. Huyo Rodgers alifanya kazi safi kabisa, shetani yeye.

Kamanthe amefika. Amevaa gauni ya kanisa, ile ya bluu. Hakuingia, amesimama nje kwa jua na watu wa bucha wanamsalimia, na yeye anawajibu kwa sauti, hajifichi. Mimi ningejificha.

Anagonga. “Baba Mueni, kyau? Kuna nini?”

Nimemwambia ngoja, navaa viatu.

Viatu nimevaa tangu alfajiri.