Sahani Iliyofunikwa

Buyenzi, Bujumbura
Mwisho wa Julai 2003

Mdogo wangu Sulemani,

Asalaam aleikum warahmatullah. Natumaini Huseni fundi amekukuta mzima huko Ngagara, na lile jino lililokuwa likikukosesha usingizi limetulia. Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mwenyezi Mungu. Moyo ndio umechafuka, na aliyeuchafua ni wewe.

Utashangaa kupata barua kutoka kwa mtu unayekula kwake kila usiku. Nimemwambia Huseni aiweke mkononi mwako kabla ya magharibi, kabla hujatoka kuja huku. Nikikuambia uso kwa uso nitapiga kelele, wewe utacheka na kuniita yaya, kama kila mdogo anavyomwita dada yake mkubwa, kisha hasira itanitoka na nitakupakulia maharage. Nimekulea tangu mama alipofariki, najua ugomvi wetu unavyoishaga. Safari hii utasoma mpaka mwisho, kwa sababu kuna mtu ambaye lazima umrudishe kwao, na hakuna mwingine anayeweza.

Mabomu yalipoanza kuanguka mjini, ulikuja kunitaka nifunge mgahawa, nipande lori lako, nikakae kule kilimani Rutoke kwa watu wanaokuuzia mvinyo wa ndizi. Nilikuuliza ni usalama gani ulio juu ya vilima ambako mabomu yenyewe yanatoka. Ukanijibu kwamba ndiyo sababu, yaya, kule bomu haziangukaka. Nilicheka kweli. Sikujiuliza ulipata wapi uhakika huo wakati wenye malori wote walikuwa wameikimbia barabara ile na lori lako peke yake linapanda na kushuka.

Kuhusu hiyo pombe sisemi kitu. Marehemu baba alikufa akiamini unabeba ndizi, na mimi umeniambia miaka yote kwamba unabeba bidoni tu, madumu ya watu, yaliyomo ndani ni ya wenyewe. Hilo utamjibu Mungu. Langu mimi ni chakula.

Nilipokelewa vizuri, nisiseme uongo. Scholastique alikuja kunipokea mpaka barabarani, akanibebea mzigo, akaninyang'anya hata mkoba. Mumewe Sylvère, yule mrefu anayekukamulia ndizi, alinipa kitanda chao na wao wakalala chini na watoto. Jioni wakaweka chungu cha mvinyo katikati na mirija ya matete, wakanionyesha mahali pa kukaa. Niliwaeleza kwamba kwetu ni haramu. Hawakuchukia, wakaniletea maji ya ndizi ambayo hayajachacha, matamu kama asali, na ndizi mbili za kuchoma. Nikanywa, nikala, nikangoja chakula.

Sulemani, nilingoja mpaka moto ukazimika. Unajua mimi ni mtu wa kula usiku. Mpishi hula mteja wa mwisho akishaondoka, na tumbo langu lilishazoea hivyo zamani. Nilipouliza kwa adabu, Scholastique alitazama pembeni akasema wao walishakula. Nikasema sawa, labda kwao hula mapema. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na kesho yake tena. Nilikwenda kwenye kibutiki cha barabarani kutafuta hata mkate. Jua likishazama mwenyewe hafungui hata ukimlilia. Nilikwenda kwa jirani, naye akasema walishakula, huku watoto wake wakinitazama mikono kwa macho makubwa.

Lakini pua ya mpishi haidanganywi. Kila jioni kilima kizima kilinukia maharage, vitunguu na mawese yanayochemka. Kila nyumba ilikuwa inapika, na hakuna nyumba iliyokuwa inakula mbele yangu. Nikajisemea kumbe ndivyo walivyo watu hawa, wanamjaza mgeni maji ya ndizi wapate kula gizani wakishamlaza. Wahenga wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nililichukua mwenyewe, nikaingia kwenye hori la mti kukamua ndizi kwa nyasi mpaka vidole vikachubuka, nikidhani labda wananingojea nifanye kazi. Usiku maji ya ndizi yakaja tena. Nikawachukia, nakuambia ukweli. Niliwachukia watu walionipa kitanda chao.

Kuna jambo jingine lililonitia hasira. Wana mtoto wa kike, Esperance, wa miaka kama saba. Jioni moja alinilalia mapajani, nikasikia pumzi yake inanuka pombe. Nikamuuliza mama yake ni mama gani anayemnywesha mtoto mvinyo. Scholastique hakukasirika. Alisema polepole, kwa kile Kiswahili chake cha sokoni, kwamba mutoto akikunywa kidogo analala, na akilala haombi. Nilisikia maneno hayo na sikuyaelewa. Nilikuwa nimeshiba hasira.

Usiku uliofuata niliamka nikaifuata harufu. Ilinipeleka nyuma ya nyumba, kwenye kile kibanda cha shimo la kuivishia ndizi. Mlangoni palikuwa na chungu cha maharage na bugali uliofungwa kwenye majani, vyote vimefunikwa vizuri, bado moto. Sikufikiri mara mbili. Niliwaamsha watoto watatu, nikawaketisha palepale, nikawalisha, na mimi nikala. Walikula macho nusu yamefumba. Esperance aliniuliza kama leo ni Noeli. Tulikwangua chungu mpaka chini, na moyoni nilikuwa nafurahi kwamba nimewaumbua wazazi wao.

Scholastique alipotoka na kukuta chungu kitupu, hakunigombeza. Alikaa chini kwenye vumbi na kushika kichwa. Hapo ndipo nilipojua kwamba kile hakikuwa chakula chao.

Walikuja muda si mrefu, wanaume wenye bunduki na makoti yaliyolowa umande. Sylvère alipiga magoti kabla hajaulizwa. Nikasimama mbele yake, nikasema mimi ndiye niliyekula, mimi mgeni, sikujua, na kama wanataka niwapikie kingine niko tayari, mimi ni mpishi. Mkubwa wao alikuwa anazungumza Kiswahili cha hapa hapa mjini. Akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Buyenzi, mimi ni dada yake Sulemani wa lori.

Akacheka, Sulemani. Alinisalimia kwa heshima, akaniita dada, na akanieleza taratibu kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Alisema lori la ndugu yangu halijawahi kutobolewa hata na risasi moja, akaniuliza nadhani ni kwa sababu gani. Alisema mlipatana. Wewe upite salama kwenda na kurudi, na wao walishwe kila usiku na nyumba zinazokuuzia. Alisema nyumba hizo ulizitaja wewe, moja moja, na ya Scholastique uliitaja ya kwanza kwa sababu anajua kupika. Atakayekataa, lori lako halichukui bidoni zake.

Kwa hiyo mchana wanajeshi wa serikali wanapita wakiuliza nani anawalisha watu wa usiku, na wakimpata ole wake. Usiku wanakuja wenyewe kula. Katikati wako watoto wanaonyweshwa pombe ili wasisikie harufu ya chakula cha mama yao. Na wewe unashuka na lori lako, unafika kwangu, unanawa mikono, unasema Bismillahi.

Yule mkubwa alisema deni la usiku ule lazima lilipwe. Wakamtwika Sylvère mzigo waondoke naye. Alisema Sylvère atarudi siku Sulemani atakapopanda mwenyewe kuzungumza, kwa sababu siku hizi unatuma dereva na mapatano yanalegea. Mimi nilimshika Sylvère shati, wakanisukuma nikaanguka. Sylvère hakunilaumu. Alimwambia mkewe azime moto, wakaondoka naye.

Ndiyo, nimekula chakula kilichomponza mwanamume yule, na sitajisamehe haraka. Lakini mimi nilikula usiku mmoja bila kujua. Wewe umekuwa ukikila miaka na unajua.

Lori lilipokuja nilimsihi Scholastique tushuke wote. Alikataa. Alisema akiondoka nani atapika, na Sylvère akirudi atamkuta nani. Wale wawili wadogo hawakutaka kumwachia nguo. Akanipa Esperance, akasema angalau mmoja ale. Nilimwambia dereva wako asipakie hata bidoni moja siku hiyo. Alinitii, kwa hiyo kama ulikuwa unajiuliza mzigo uko wapi, umeshajua.

Nataka jambo moja kwako. Kesho asubuhi panda Rutoke, wewe mwenyewe, si dereva. Mdomo uliokuwezesha kupatana nao uutumie kumrudisha Sylvère kwa mkewe, na kuitoa nyumba yao katika mapatano hayo. Ukiogopa, basi umejua wao wanaishije. Kama lori litabaki huko, na libaki. Tulikuwa watu kabla ya lori.

Nilikusudia kuishia hapo, lakini nikueleze la jana usiku, siku niliyoshuka, wewe hujajua nimerudi. Nilimpakulia Esperance wali na ndagala wa ziwani, sahani imejaa. Alikula nusu. Nusu nyingine akaifunika kwa sahani nyingine, akaibeba kwa mikono miwili, akaiweka nje ya mlango. Nilipomuuliza, alisema ni ya wale wanaokuja usiku. Nikamshika, nikamwambia hapa mjini hakuna watu wa namna hiyo, ale amalize. Akanitazama, kisha akaitazama ile sahani yako ya bluu niliyokuwa nimeifunika kwenye kabati kwa mazoea. Akaniuliza, na hii ya nani.

Nimeitoa sahani ile, nimempa yeye iwe ya kulia chakula chake. Ukija na Sylvère nitawapikia wote wawili, usiku wowote, hata saa ya amri ya kutotoka nje. Ukija peke yako utakuta mlango umefungwa, na mimi ninayekuambia hivi sijawahi kukufungia mlango maisha yako yote.

Majirani wanakusalimu, na mama Fadhila wa msikitini anauliza utaoa lini. Kunywa maji ya karafuu kwa ajili ya jino. Mungu akulinde barabarani, na safari hii akulinde Yeye, si wale.

Ni mimi dada yako mwenye uchungu,

Zubeda