Gari la Milango Miwili

Baba,

Naandika nikiwa ndani ya gari, kwenye maegesho ya hospitali ile ile. Mama yuko ndani anapimwa moyo. Amekataa nimfuate, ati nikiwa karibu nampandisha presha. Kwa hiyo nimebaki hapa na kalamu, karatasi nimeiegemeza kwenye usukani. Ukiona mwandiko unapanda na kushuka, usiseme nimeanza kuandika kama daktari.

Ni miezi saba tangu tukurudishe nyumbani Bungoma kukuzika. Kuna jambo sijakwambia. Najua ulikuwepo, ulilipitia lote, lakini sijawahi kulitamka, na ninaogopa kulitamka hata sasa ambapo huwezi kunijibu. Acha nianzie nyuma kidogo, siku zile ambazo sikuwa naogopa kitu.

Unakumbuka ile jioni niliyowakalisha sebuleni, wewe na Mama? Nilikuwa nimepandishwa kazi kule kiwanda cha plastiki, mtaa wa Baba Dogo, nikawa mkaguzi wa ndoo na mitungi kabla haijapakiwa, na zamu yangu ilianza alfajiri. Kwamba nahitaji gari, hilo nyote mlilikubali. Mlitarajia kagari kadogo keupe, ka kwenda kazini na kanisani. Mimi nikawawekea mezani picha ya gari la spoti, la kijivu, limelala chini karibu liguse lami, milango miwili tu.

Mama alivaa miwani, akaitazama, akaigeuza karatasi kana kwamba milango mingine iko upande wa pili.

"Hili ni gari au ni kiatu?"

Wewe hukucheka. Ulikuwa fundi wa breki kwenye karakana ya reli maisha yako yote ya kazi. Uliona mabehewa yaliyorudi yamekunjika, ukajua ni nini kilichoyakunja. Ulisema, "Nekesa, leseni yako bado inanuka wino. Hili gari lina haraka ya nini?"

Basi nikaanza kuwashawishi. Wiki tatu nzima, Baba. Nilikuja mezani na daftari kama mtu anayejitetea kortini. Niliwaambia gari la aina hiyo limeundwa na watu wanaojua kwamba litakimbia, kwa hiyo wakahakikisha linasimama. Niliwasomea habari za diski za breki, mifuko ya hewa sita, mikanda inayokaza yenyewe mtu akirushwa mbele, tairi pana zinazoshika barabara hata kwenye mvua. Nilisema kwa kuwa liko chini haliwezi kupinduka ovyo kama yale marefu. Mama akajibu kwamba hata jeneza liko chini, kisha akashtuka na kujifunika mdomo.

Wewe ulitaka kuona kwa macho yako. Siku muuzaji alipolileta hapo nje, ulitandaza katoni, ukavua saa, ukaingia uvunguni kwa mgongo na miaka yako sitini na saba. Vijana wa mtaa wakajaa. Mmoja akalinyooshea gari kidole, akapiga mluzi, "Mzee, hiyo ndai ni noma!" Sauti yako ikatoka kule chini: "Noma ni kitu gani? Nataka kujua inasimamaje." Ulipotoka ulikuwa na grisi kwenye paji la uso, na ulijifuta polepole huku ukitabasamu peke yako. Nikajua breki umezipenda.

Lakini hukusema ndiyo. Wala Mama. Ndipo nikaitoa ile sentensi. Mama alikuwa akisonga ugali, wewe umekaa kwenye kile kigoda karibu na dirisha la jikoni. Nikasimama mlangoni nikasema, "Na mmoja wenu akiugua ghafla je? Kwa gari hili nitawafikisha hospitali kabla hata ambulensi haijawashwa."

Mama aliacha mwiko ndani ya sufuria. Mlitazamana. Ukasema, "Basi, mama Nekesa. Mwache alinunue."

Nilishangilia moyoni. Nilidhani nimewashinda kwa akili.

Na kweli tulilifurahia. Wewe ulikaa mbele, umeshika kile kishikio cha mlangoni, mguu wako wa kulia ukikanyaga breki isiyokuwepo kila nilipokaribia mataa. Mama alipanda mara chache. Kupita kwenda kiti cha nyuma kulimvua kilemba, na kila mara aliposhuka alisema sasa amezaliwa upya.

Halafu ile Jumamosi.

Ilikuwa yapata saa nne asubuhi. Mama alikuwa sokoni kwenye kibanda chake cha kushona. Ulikuwa ukipaka viatu rangi kwa ajili ya ibada ya kesho yake, kimoja umekimaliza. Ulisema, "Nekesa, kifua kimenibana," kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba maji. Shati lako lilikuwa limelowa mgongoni.

Hili ndilo la kwanza ambalo sijamwambia mtu. Nilifurahi, Baba. Kwa muda mfupi tu, kabla hofu haijanifika, nilifurahi kwamba gari lipo. Nilijiona nikitimiza nilichosema.

Ulitembea mwenyewe hadi nje. Ilibidi ujikunje ili uingie, na ulipojikunja nilisikia pumzi yako ikikatika. Nilitaka kukulaza. Kiti kililala nusu kikagota kwenye kile cha nyuma. Nikakufunga mkanda, nikawasha injini, likanguruma kama kawaida yake, nikaingia Jogoo Road, na barabara ilikuwa imejaa hadi mwisho wa macho.

Nilipiga honi. Niliwasha taa zote. Kama ningekuwa na kile kigari cheupe, nadhani mtu angeniona nina shida. Lakini waliona gari la spoti linapiga kelele, na walidhani ni mtoto wa mtu anajishaua. Kila nilipopata mwanya walinifungia. Dereva mmoja alishusha kioo akanicheka, "Dada, si upae?" Nilimpigia kelele kwamba baba yangu anaumwa. Alikuwa ameshapandisha kioo.

Ulinigusa goti. "Taratibu, Nekesa. Usinikimbize." Tulikuwa hatuendi popote.

Tulifika. Na hapa ndipo ninapopaogopa.

Nilisimamisha gari karibu na nguzo ya lango la dharura. Ule mlango mrefu ulifunguka kidogo tu ukagonga nguzo. Wauguzi wawili na mlinzi walikuja na machela. Machela ilikuwa juu, wewe ulikuwa chini kabisa. Walikushika makwapa, wakavuta, mguu wako ukakwama. Wakajaribu tena. Mwishowe mlinzi akasema, "Mrudisheni ndani, dada asogeze gari." Wakakurudisha kitini. Nikafunga mlango, nikaingiza gia ya nyuma, injini ikazima. Mimi, mwenye gari, nikalizima. Ulinitazama. Nilitafuta lawama katika macho yako, sikuiona, na tangu siku hiyo nimeendelea kuitafuta.

Nililiwasha tena, nikalisogeza; walipokutoa, midomo yako ilikuwa imebadilika rangi. Haikupita nusu saa daktari akatoka peke yake.

Mama alipofika akiwa bado na futikamba ya kupimia nguo shingoni, nilimwambia, "Tulifika, Mama. Walijaribu." Sikudanganya hata neno moja. Lakini alinikumbatia akaniambia asante kwa kumkimbiza baba yako, na nilinyamaza, na kunyamaza huko ndiko uongo wenyewe.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuogopa, Baba, wewe usingenijua. Nililifunika gari turubai nikatoa waya wa betri. Naenda kazini kwa miguu na kwa magari ya watu. Honi ikipigwa ghafla nashika ukuta. Kiwandani nimewahi kukagua mtungi mmoja mara tano, nikaona ufa usiokuwepo. Nikimsikia Mama akiita jina langu kutoka chumba cha pili, najua sasa ataniuliza: ilikuwaje hasa?

Naye amepungua. Magauni yake ameyabana yote kwa cherehani yake mwenyewe. Viatu vyako viko pale pale, kimoja kimeng'aa na kimoja hakijapakwa, na ole wake atakayevigusa. Alianza kulalamikia kichwa, kisha kizunguzungu. Aliposema nimpeleke hospitali kwa gari, nilimwambia betri imekufa. Nikamwambia hivyo mwezi mzima.

Jumapili iliyopita nikasikia turubai likiburutwa. Nikatoka mbio. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chako, amevaa nguo za kanisani, mkoba mapajani, mkanda ameshaufunga.

"Twende," akasema.

"Mama, betri..."

"Nimefungua boneti. Waya umetolewa kwa mkono. Mimi ni mke wa fundi, Nekesa, usinifanye mjinga. Unaniogopesha. Umenificha nini?"

Nilipiga magoti pale kwenye vumbi kando ya mlango, watu wakitoka kanisani wakitupita, nikamwambia. Nguzo, mlango, machela, mguu, injini kuzima. Nikamwambia, mimi ndiye niliyewashawishi, mimi nilisema nitawafikisha. Kama lingekuwa gari la mtu mwenye akili, Baba angetoka salama.

Hakunigusa. Alitazama mbele kupitia kioo. Kisha akaanza kufungua mkanda, vidole vikakosa kile kitufe, akaacha.

"Alikuwa anaumwa wiki mbili," akasema. "Kifua. Akipanda ngazi pale kwa mchungaji anasimama katikati anajifanya anasalimia watu. Nilimwona. Nikamwambia tumwambie Nekesa. Akasema, 'Usimwambie, atanikimbiza.' Akasema atakwenda mwenyewe mwisho wa mwezi. Nikamnyamazia. Nimelala na neno hilo miezi saba, mwanangu, nikikusikia unavyolia chumbani, nikijua unalia juu ya kitu ambacho mimi ningekizuia."

Baba, mbona hukuniambia? Sikuulizi kwa hasira. Au labda ni kwa hasira. Ulilala uvunguni mwa gari langu ukapima upana wa kila pedi ya breki, na moyo wako mwenyewe ukauacha hivyo hivyo.

Tulilia wote wawili, yeye ndani na mimi nje. Jumatatu nikarudisha waya. Nilikuja hapa na Mama, mwendo wa kobe, mtu akinipigia honi nampisha. Nilitaka kumwuliza daktari. Mama alisema yeye hataki kujua, lakini alikaa nami na kunishika mkono nilipouliza. Daktari, dada mmoja mpole, alisoma faili lako lote kabla ya kufungua mdomo. Alisema moyo wako ulikuwa umeumia kwa siku nyingi. Nikamwuliza kuhusu zile dakika za mlangoni. Alifikiri. Akasema, "Siwezi kukuambia hazikuwa kitu. Naweza kukuambia hazikuwa peke yake."

Nilimshukuru kwa kutonidanganya. Ndilo jibu nililonalo, na nadhani nitaishi nalo.

Kabla hatujainuka alimtazama Mama vizuri, akaomba kumpima presha. Akaipima mara mbili. Akamwandikia dawa, akamwambia arudi leo apimwe moyo. Ndiyo maana niko hapa.

Sasa mimi na yeye tumewekeana sharti. Kila asubuhi kabla ya chai tunaulizana, na hakuna ruhusa ya kujibu "niko sawa." Ukiumwa, unasema unaumwa wapi. Leo aliponiuliza nilimwambia kweli, "Naogopa, Mama. Naogopa barabara, naogopa pale mlangoni, naogopa watakachokiona kwenye moyo wako."

Akasema, "Hata mimi. Vaa viatu twende."

Hili gari nitaliuza. Breki zake ulizipitisha na hazikuwahi kutuangusha, hilo nitamwambia atakayelinunua. Lakini nitanunua la milango minne, lenye kiti ambacho mtu anaweza kulala, na safari hii sitaandika daftari. Mama ataingia, atakaa, atashuka, na yeye ndiye atakayesema.

Nakuahidi mambo mawili, Baba, kisha nikuache upumzike. Sitamwahidi tena mtu ninayempenda jambo nisiloweza ili tu akubali ninachotaka. Na Mama hatakuwa mgonjwa wa siri ndani ya nyumba yangu. Nitamwuliza hadi achoke na mimi, na akichoka nitamwuliza tena.

Nilikupenda ukiwa na grisi usoni kuliko nilivyowahi kusema. Kwaheri, Baba yangu. Kama ulikuwa na lawama, niachie. Kama hukuwa nayo, nisaidie niache kuitafuta.

Naona mlango unafunguliwa. Ni yeye. Ameshika karatasi mkononi na uso wake siuoni vizuri kutoka hapa. Nashuka kumpokea.

Binti yako,
Nekesa